Ketoni za damu: majibu kwa wasomaji

Binti yangu wa miaka 11 anadungwa insulini. Alitapika usiku kucha, hakula kitu, nikaogopa sukari itashuka, sikumdunga. Nilifanya sawa? (Mama, Arua)

Pole sana, mama. Hofu yako naielewa, lakini insulini haiachwi kabisa hata mtoto asipokula. Ugonjwa wenyewe hupandisha sukari, tumbo likiwa tupu vilevile. Mwili ukikosa insulini hauwezi kuitumia sukari hiyo, unaanza kuunguza mafuta, na mafuta hayo hutoa ketoni. Ketoni ni asidi; zikizidi, mtoto anaweza kupoteza fahamu na kufa.

Siku kama ile mpe maji kidogo kidogo, pima sukari kila baada ya saa 2 hadi 4, upime na ketoni. Ketoni za damu chini ya 0.6 (milimoli kwa lita) ni kawaida. Kuanzia 0.6 hadi 1.5, rudia baada ya saa 2 na uwapigie wanaomtibu wakuambie kipimo cha insulini. Ikipita 1.5, apelekwe kituoni. Ikifika 3, ni hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane na itabidi kuamsha mtu wa boda. Akiendelea kutapika, au akipumua kwa kina na kwa haraka, usingoje namba yoyote.

Kituo chetu kina vijiti vya mkojo tu. Vinafaa? (Bombo)

Vinafaa, vitumieni. Ila mjue mipaka yake. Ketoni inayojaa zaidi mgonjwa akizidiwa ni beta-haidroksibutireti, na kijiti cha mkojo hakiisomi, kinasoma asetoasetati, ketoni nyingine. Tena mkojo ulikaa kibofuni, kwa hiyo unaeleza habari za saa zilizopita. Mgonjwa akianza kupata nafuu, kijiti kinaweza hata kukolea rangi zaidi, na ndugu wakadhani dawa imeshindwa. Kipimo cha damu kinaonyesha hali ya sasa.

Mashine yangu ya sukari itapima ketoni? (Jinja)

Baadhi ya mashine zinaweza, lakini kwa vijiti maalumu vya ketoni. Kijiti cha sukari hakisomi ketoni.

Nina kisukari aina ya pili, natumia metformini. Nikiwa nimefunga Ramadhani nilipata ketoni 0.8, sukari 6. (Kampala)

Mtu aliyefunga hutoa ketoni kidogo, na kwa sukari hiyo, kama hujisikii mgonjwa, usiogope. Wanaotumia dawa ambazo majina yake huishia na “flozini” wawe macho zaidi: kwao ketoni zinaweza kupanda hadi kiwango cha hatari huku sukari ikikaribia kawaida. Hao wamwone daktari kabla ya kufunga.

Mjukuu wangu kapimwa malaria, ikawa chanya. Kameza dawa, bado anatapika, anakunywa maji mno, anakojoa kitandani, amekonda. (Bibi, Mbarara)

Bibi, mpeleke leo, usingoje kesho. Inaniuma sana kuona watoto wakirudishwa nyumbani na dawa za malaria peke yake, kwa kuwa kupatikana na malaria hakuondoi kisukari. Ukifika sema hivi: “Anakunywa sana, anakojoa sana, amekonda, naomba apimwe sukari.” Kwa dalili hizo, sukari ya 11.1 au zaidi (200 kwa mashine zinazosoma miligramu) ni kisukari, na ketoni zipimwe papo hapo. Tone moja la damu kidoleni, kama lile la malaria, linatosha kuanzia.