Alaimenti haikai: IST iliyoshushwa inakula tairi ndani

Shikamoo Fundi. Mimi nipo Chumbageni hapa Tanga, nina IST ya mwaka 2003. Nilimpa fundi wa mtaani aishushe, akakata springi za mbele kwa grenda, mzunguko mmoja na nusu kila upande. Tangu hapo tairi za mbele zinaliwa ndani tu, nje bado mpya. Nilikwenda kwenye mashine ya alaimenti, ile ya kupima magurudumu yalivyokaa, karatasi ikaonyesha tou (magurudumu yanakoelekea ukiyatazama kutoka juu) imetoka nje nusu digrii kwa jumla, wakairudisha kwenye kijani, yaani ndani ya kipimo. Wiki sita baadaye nikarudi, tou imetoka nje tena. Kemba (gurudumu linavyolala ukilitazama kutoka mbele; hasi ni juu kulalia ndani) ndiyo nyekundu siku zote: kushoto hasi digrii 1 na dakika 50, kulia hasi digrii 1 na dakika 20, dakika 60 zikiwa digrii moja. Jamaa wa mashine anasema kemba ya IST hairekebishiki. Ananidanganya? Sitaki kulirudisha gari juu, nimeshalizoea hivi.
*Kijana wa Chumbageni*

Marahaba mwanangu. Jamaa wa mashine hajakudanganya, ila kakupa nusu ya habari. Kiwandani IST ya mbele imeachiwa kurekebishwa tou peke yake, kwa kuzungusha tairodi, kile chuma kinachounganisha usukani na gurudumu. Kemba haina pa kuguswa. Lakini pale chini shokapu inaposhikana na gurudumu kuna bolti mbili, na ya juu unaweza kuitoa ukaweka bolti ya kemba, ile yenye tumbo upande mmoja. Ukiizungusha, gurudumu linasimama au linalala kwa kama digrii moja hivi. Kwako inatosha kabisa.

Ila usikimbilie kuinunua. Watu wengi wakiona tairi limeliwa ndani wanailaumu kemba, kwa sababu ndiyo inayoonekana kwa macho: gari limeinamisha magurudumu kama ng'ombe mwenye matege. Kemba ya hasi digrii moja na nusu inakula tairi, ndiyo, lakini polepole. Mharibifu mkubwa ni tou. Fanya hesabu ya karatasi yako ya kwanza: nusu digrii kwa jumla ni robo kila upande. Kwa robo hiyo, kila kilometa moja tairi linaburuzwa kando mita nne na ushee. Kutoka hapa Tanga hadi Segera ni kilometa sabini na kitu, kwa hiyo tairi lako limesuguliwa kando zaidi ya mita 300 kabla hujafika kwenye mishikaki ya njia panda. Hapo mpira utabaki?

Pitisha kiganja juu ya tairi, kutoka ndani kwenda nje, kisha urudi. Ukisikia laini ukienda na makali kama msumeno ukirudi, hiyo ni kazi ya tou. Kemba yenyewe huacha mteremko laini usio na makali.

Sasa nilichokiona mimi kwenye barua yako si ile nyekundu. Ni kwamba tou iliwekwa sawa ikakimbia ndani ya wiki sita. Alaimenti yako imekuwa ya Tanga kwelikweli, waja leo waondoka leo. Mashine inapima tu, haishiki kitu. Kuna kitu kinacheza huko chini.

Pandisha gari kwa jeki na uliweke kwenye stendi. Shika tairi kushoto na kulia ulitikise. Likigonga, tazama tairodi endi, ile ncha ya tairodi. Shika juu na chini; likicheza, ni boljointi (kiungo cha mpira wa chuma) au beringi. Halafu chukua nondo, binya bushi (mipira ya maungio) za mkono wa chini, kile chuma kinacholishika gurudumu kwa chini, hasa ile ya nyuma. Gari likishushwa, mkono wa chini na tairodi hubaki zimeinuka kuliko zilivyozoea, na kila ukiruka tuta tou inatoka na kurudi. Mpira uliochoka hauvumilii hayo.

Na hapa ndipo mafundi wengi wanapoharibu. Bushi za mkono wa chini hukazwa gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, na uzito wake juu. Fundi wako, naamini, alikaza miguu ikining'inia hewani. Ukishusha, ule mpira unajikunja kama nguo inayokamuliwa, unakaa hivyo mchana na usiku mpaka unachanika. Legeza bolti zile, shusha gari, litikise mbele mara kadhaa, kisha kaza. Utahitaji shimo au rampu. Usiingie chini ya gari lililo kwenye jeki.

Springi za kukatwa siziafiki, nasema wazi. Ncha iliyokatwa haikai vizuri kwenye kiti chake, gari likinyanyuliwa springi inalegea na kuzunguka, ikishuka inakaa pengine. Zile dakika 30 za tofauti kati ya kushoto na kulia huenda zimetoka hapo. Kama hutaki kurudi juu, tafuta springi fupi zilizotengenezwa fupi. Gari litabaki chini na roho yako itatulia.

Ukishabadilisha, endesha wiki mbili springi zikae. Ndipo uende mashine, upepo sawa pande zote, buti bila magunia. Mwambie jamaa aanze na kemba: kushoto na kulia zilingane, karibu na hasi moja. Tou iwe ya mwisho, karibu na sifuri, kwa sababu ukigusa kemba tou lazima ikimbie. Akianza na tou, mlipe lakini usimsifu.

Tairi zilizoliwa, kama nyuzi hazijaonekana na hazina mshale wa mwelekeo wala maandishi ya upande wa nje, zigeuzwe kwenye rimu, ndani iwe nje. Nyuzi zikionekana, tupa.

Fundi, Vitz yangu inatetemeka usukani nikifika 80, chini ya hapo shwari. Nikafanye alaimenti?
*Mwalimu, Muheza*

Hapana Mwalimu, anza na balansi, yaani kusawazisha uzito wa gurudumu. Huenda risasi, kile kipande cha uzito kinachobandikwa kwenye rimu, ilidondoka ulipoziba pancha, au kuna tope limekauka ndani ya rimu. Ikitetemeka ukifunga breki tu, hiyo ni diski.

Baada ya alaimenti gari linakwenda sawa lakini usukani umekaa kombo. Ni kawaida?
*Msomaji, Pongwe*

Si kawaida, ni uvivu. Tairodi moja imezungushwa zaidi ya nyingine. Rudi pale pale, wafunge usukani katikati kabla ya kushika spana, kisha upande mmoja uingizwe na mwingine utolewe kwa kiasi kilekile. Usilipe mara ya pili.