Nimefunga poti 3389, mbona bado wanaingia?

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Mimi ni fundi kompyuta wa kampuni ya mbao hapa Mafinga. Ofisi yetu nyingine iko Mbeya. Ruta zetu ni MikroTik. Mhasibu wa Mbeya huingia kwenye seva ya huku kwa Remote Desktop kupitia intaneti. Juzi nimekuta kwenye seva majaribio mengi ya kuingia kutoka nje ya nchi. Nimeweka kanuni ya kuzuia poti 3389, ambayo ndiyo ya Remote Desktop, kwenye "input", lakini hali ni ileile. Tatizo ni nini?

JIBU: Nzuri, ndugu yangu. Kanuni yenyewe haina shida, shida ni ulikoiweka. "Input" inahusu pakiti (vipande vya data) zinazoishia kwenye ruta yenyewe. Zinazovuka kwenda kwenye seva hupitia "forward". Umemweka mlinzi alinde kibanda chake, mbao ziko ghalani.

Hata ukiihamishia "forward", kuna mtego. Kanuni ya "dst-nat", ile inayoelekeza pakiti za kutoka nje kwenye seva ya ndani, hufanya kazi kabla ya fayawoli kuchuja. Kama kwa nje mlitumia poti 5000 na ruta inaigeuza kuwa 3389, "forward" itaiona 3389 pamoja na anwani ya ndani ya seva. Ukiandika 5000, hunasi kitu. Tazama hesabu ya pakiti kando ya kanuni: ikibaki sifuri huku majaribio yanaendelea, basi kanuni haijaguswa. Kumbuka pia kwamba ruta husoma kanuni kutoka juu kwenda chini, na pakiti isiyolingana na kanuni yoyote MikroTik huiruhusu ipite. Kwa hiyo kanuni ya mwisho iwe ya kuzuia kila kilichobaki.

Ila mimi nisingehangaika kuzuia. Ningeifuta hiyo "dst-nat" kabisa. (Wapo wanaobadilisha namba ya poti tu, huko ni kujidanganya, wanaoskani hupitia poti zote.) RouterOS, mfumo unaoendesha ruta za MikroTik, toleo la 7 lina WireGuard, yaani VPN, njia iliyofichwa ya kuunganisha mitandao kupitia intaneti: iunganishe Mafinga na Mbeya, na upande mmoja tu ndio unaohitaji anwani ya umma. Hapo ruhusu poti ya UDP ya WireGuard, kwa kawaida 13231, na safari hii "input" ndiyo mahali pake. Mhasibu atumie anwani ya ndani ya seva. Akishaingia vizuri, ndipo ufute "dst-nat", kisha uondoe miunganisho ya zamani kwenye "Connections", maana iliyokwisha kufunguka inaweza kuendelea.

Ukigusa ruta ya Mbeya ukiwa Mafinga, bonyeza "Safe Mode" kwanza. Ukijifungia nje, ruta itagundua muunganisho umekatika na kurudisha mipangilio ya awali yenyewe. Bila hivyo utapanda basi kwa ajili ya mstari mmoja. Ukiridhika, izime ili mabadiliko yabaki.

Leo hii, kabla ya yote hayo, fungua kumbukumbu za usalama za Windows kwenye seva. Namba 4625 ni aliyeshindwa kuingia. Hao ndio uliowaona. Tafuta 4624, yaani aliyefanikiwa, kwa saa ambazo mhasibu wenu hayupo kazini. Ukimkuta hata mmoja usiyemjua, chomoa waya wa mtandao wa seva hiyo, mwambie bosi, na badilisha nywila zote ukitumia kompyuta nyingine.