Mnauliza, Anti Anajibu: Begi Lako na Madaraja ya Venice

Tangu tuongelee Italia wengi mmeuliza kuhusu Venice, ule mji wao uliojengwa juu ya maji, nimeunganisha maswali yanayofanana. Bei ni za mwaka 2025, kwa hiyo cheki tena kabla hujasafiri.

Swali: Shikamoo Anti. Mimi na mume wangu tutatoka Roma kwa treni, sasa kwenye tiketi naona Venezia Mestre na Venezia Santa Lucia, afu hoteli za Mestre bei chee. Tushuke wapi, tulale wapi? (Mama wa Wawili)

Jibu: Marahaba mama. Mestre iko bara, mji wa kawaida tu wenye magari na taa za barabarani. Santa Lucia ndo mwisho wa reli, ndani ya Venice yenyewe, treni inavuka maji juu ya daraja refu lililofunguliwa 1846 afu ukitoka mlangoni tu unakutana uso kwa uso na Grand Canal, mfereji mkubwa wa maji unaopita katikati ya mji, hakuna teksi hakuna basi, ni boti na miguu yako. Toka stesheni ya Roma Termini kwa treni ya kasi ni kama saa nne. Mkishuka Mestre kwa bahati mbaya msihangaike, treni za kawaida za kwenda Santa Lucia ni nyingi, dakika kumi hivi na nauli haifiki euro 2, ila tiketi ya karatasi ya treni hizo lazima uigonge kwenye kimashine cha stesheni kabla ya kupanda. Usipogonga unalipa faini na tiketi unayo mkononi, na hiyo "sikujua, mie mgeni" wameshaisikia sana.

Kulala, mi nasema laleni ndani hata kama ni usiku mmoja tu. Watu wengi wanakuja asubuhi na kuondoka jioni, wakishaondoka ndo mji unapumua na nyie mnaweza kutembea bila kusukumana. Kama bajeti inabana sana basi Mestre sawa, tramu ya T1 inawaleta mpaka Piazzale Roma, na Piazzale Roma ndo mwisho wa kila chenye matairi, hata mwenye gari lake analiacha hapo.

Swali: Mwenye nyumba kanitumia anwani imeandikwa Castello na namba ya tarakimu nne basi, jina la mtaa hamna. Nimetapeliwa? Natua uwanja wa ndege wa Marco Polo saa tatu usiku na begi kubwa.

Jibu: Hapana hujatapeliwa, wenyewe ndo wanavyoandika. Mji umegawanywa sehemu sita: San Marco, San Polo, Santa Croce, Dorsoduro, Cannaregio na hiyo Castello yako, na namba za nyumba zinahesabiwa kwa sehemu nzima sio kwa mtaa, kwa hiyo namba mbili zinazofuatana unaweza kukuta moja iko huku na nyingine nyuma ya kona. Ramani ya simu nayo kwenye vile vichochoro vyembamba inachanganyikiwa, inakupeleka mpaka ukingoni mwa maji inakwambia endelea mbele! Kwa hiyo mwandikie leo leo mwenye nyumba umuulize vitu vitatu: kituo gani cha boti kiko karibu, kutoka hapo kuna madaraja mangapi, na jina la kichochoro chenyewe. Swali la madaraja ndo la maana kuliko yote. Mji una madaraja zaidi ya 400 na karibu yote ni ya ngazi, sasa begi la kilo 23 ukilipandisha na kulishusha mara tano usiku, hata hamu ya kula inaisha. Beba dogo.

Toka Marco Polo kuna basi namba 5 mpaka Piazzale Roma, kama euro 10, kwenye dakika 25 hivi, afu unaunga na boti. Kuna pia boti za Alilaguna zinazotoka hapohapo uwanjani, ni ghali zaidi na mpaka San Marco zinachukua zaidi ya saa moja, ila kama kituo chake kiko karibu na nyumba yako zinakuokoa na kubeba. Teksi ya maji inazidi euro 100, hiyo waachie maharusi.

Swali: Boti zao tiketi shingapi, na ni lazima?

Jibu: Sio lazima, toka stesheni mpaka San Marco ni kama nusu saa kwa miguu, fuata vibao vya njano vilivyoandikwa Per Rialto na Per S. Marco. Boti yenyewe inaitwa vaporetto, ndo daladala yao. Tiketi moja ni euro 9.50 na inaisha baada ya dakika 75, kwa hiyo mara tatu kwa siku umeshapitiliza bei ya tiketi ya saa 24 ambayo ni euro 25. Saa 48 ni 35, saa 72 ni 45. Kila unapopanda unaigusisha kwenye mashine, hata ya siku nzima. Panda laini namba 1, ni ya polepole na inasimama karibu kila kituo cha Grand Canal, na ukibahatika kupata kiti cha nje mbele basi umepata utalii wa bei rahisi kuliko wote mjini.

Swali: Ni kweli mtu analipa kuingia mjini?? (Mwanafunzi)

Jibu: Siku baadhi tu. Walianza 2024, na 2025 ilikuwa siku 54 kati ya Aprili na Julai, hasa Ijumaa mpaka Jumapili, kuanzia saa mbili na nusu asubuhi mpaka saa kumi jioni. Ukilipia mapema ni euro 5, ukichelewa 10. Anayelala hoteli ndani ya manispaa halipi, hata akilala Mestre, maana ushuru wa mgeni anaulipia hotelini, lakini bado inabidi ajisajili mtandaoni apate msimbo wa QR wa msamaha, na hapo ndo wengi wanapopitiwa. Chini ya miaka 14 hawalipi.

Swali: Naenda na mama yangu, magoti yanamsumbua. Ataweza? Na gondola je?

Jibu: Ataweza kama utapanga siku yake kwa vituo vya boti badala ya ramani ya miguu. Shuka naye pale unapotaka afike, zungukeni upande huohuo bila kuvuka daraja, pandeni tena boti. Uwanja wa San Marco wote ni tambarare, na laini 12 toka Fondamente Nove itawapeleka kisiwa cha Burano kwenye vile vinyumba vya rangi. Vyoo vya umma unalipia, uwe na sarafu, ila maji ya mabomba ya mtaani yanakunyweka bure.

Gondola, ile mitumbwi yao myembamba ya kupiga kasia, bei rasmi ni euro 90 kwa nusu saa mchana, 110 kuanzia saa moja usiku, na hiyo ni ya chombo kizima cha watu mpaka watano sio ya kila mtu, kwa hiyo kubalianeni kabla hamjakaa. Kama shida yenu ni kuonja tu, kuna traghetto, gondola ya kuvushia watu Grand Canal, iko moja Santa Sofia karibu na soko la Rialto, mgeni analipa euro 2 na mnavuka kwa dakika chache. Mwambie mama akae, wenyeji ndo wanaosimama.