Niweke hela kwenye betri za laptopu?

SWALI: Shikamoo anti. Mimi ni fundi laptopu hapa Wandegeya, kila wiki nabadilisha betri zimevimba kama andazi, sasa nikawaza hawa wanaozitengeneza si wanaingiza hela kweli? Nina milioni 6 nimeweka kando. Ninunue hisa zao ama nitajuta?
Fundi, Kampala

JIBU: Marahaba mwanangu. Wazo si baya ila usikimbie. Hiyo betri unayoitoa hapo mezani imepita kwa watu wawili, kuna aliyetengeneza seli na kuna aliyezifunga pamoja na saketi yake. Seli nyingi ni za ATL, ambayo ni mali ya TDK ya Japani tangu 2005, wengine ni LG Energy Solution na Samsung SDI wa Korea Kusini. Wafungaji wakubwa kama Simplo na Dynapack wako Taiwan. Sasa ukinunua LG ujue roho yake iko kwenye magari ya umeme, magari yakikosa wateja hisa yako inashuka hata kama Wandegeya nzima imenunua laptopu mpya.

Alafu kinachonitia wasiwasi zaidi ni hiki, muuza betri hana sauti mbele ya kampuni inayotengeneza laptopu, wateja wake ni wachache na wanambana bei, na kosa moja tu linamgharimu vibaya. Sony ndio walioleta betri ya lithiamu-ayoni sokoni 1991, lakini 2006 Dell ikawaita wateja warudishe betri milioni 4.1 zenye seli za Sony kwa sababu zilikuwa zinaweza kushika moto, na 2017 Sony wakaiuzia kampuni ya Murata ya Japani biashara yao ya betri hizo. Sony jamani!

Hizi hisa hazipo kwenye soko letu la Kampala, utahitaji broka wa nje, na makato ya kubadilisha shilingi yanauma kwa hela ndogo. Anayekutumia WhatsApp akikuahidi faida kila mwezi mkatae, na broka yeyote wa hapa muulizie kwanza CMA, mamlaka inayosimamia masoko ya mitaji, kama ana leseni.

Ningekuwa wewe ningetoa milioni 1 tu, ile ambayo hata isiporudi watoto watasoma, nyingine niweke bondi za serikali, yaani unaikopesha serikali inakulipa riba, wanapokea kuanzia 100,000 na unapitia benki yako. Na kabla hujanunua fungua ripoti ya mwaka ya kampuni, tafuta mteja mkubwa kuliko wote anachukua kiasi gani cha mauzo. Akizidi theluthi mimi siigusi.