Mama hajaruka hatua yoyote

Pole sana dada kwa kumpoteza mzee. Unauliza kama mama "ameruka hatua" ya maombolezo, maana kwenye arobaini alicheka na mashoga zake na kesho yake akajifungia chumbani analia. Hajaruka kitu. Zile hatua tano (kukana, hasira, kujadiliana na Mungu, huzuni, kukubali) alizitoa daktari Elisabeth Kübler-Ross mwaka 1969, baada ya kuzungumza na wagonjwa waliokuwa wanakaribia kufa wenyewe. Wafiwa walibandikwa hatua hizo baadaye, tena kama ngazi ya kupanda kidato kimoja kimoja.

Mimi naona maelezo yanayomfaa zaidi mama ni ya watafiti Margaret Stroebe na Henk Schut wa Uholanzi, 1999: mfiwa huenda na kurudi. Saa hii ameshika kanzu ya marehemu, machozi yanamtoka. Baadaye anapiga hesabu za ada na kujifunza kununua luku, kazi aliyokuwa akiifanya mumewe. Kukipumzisha kilio ni sehemu ya kuomboleza. Basi msimwambie "jikaze", wala msimkatishe akimtaja baba.

Cha kuangalia ni kama uchungu unabaki mkali vilevile na kumzuia kuishi kwa zaidi ya miezi 6, kipimo cha Shirika la Afya Duniani (nao husema mila za mahali zizingatiwe). Lakini akisema anataka kumfuata marehemu, msingoje miezi. Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo, na asiachwe peke yake.