Bahasha nyeupe kwenye harusi ya Mchina

Yaya, umeuliza kama bahasha nyeupe yenye dola itafaa kwenye harusi ya yule mhandisi Mchina wa kazini kwenu, hapa Lubumbashi. Hapana, iache kabisa. Kwetu bahasha nyeupe ni ya kila kitu: harusi, ubatizo, hata mchango wa kilio. Kwa Wachina pesa ndani ya bahasha nyeupe ni za msiba. Tafuta nyekundu. Ukiikosa madukani, chukua karatasi nyekundu ya kufungia zawadi, ikunje mwenyewe, gundi kidogo, imekwisha. Jina uliandike kwa kalamu nyeusi, maana jina la mtu aliye hai kuandikwa kwa wino mwekundu ni nuksi kwao. Noti ziwe mpya (na huku kwetu nani anapokea dola iliyopasuka hata kidogo?), kiasi kiwe namba shufwa, ila kisiwe na 4.

Mavazi hayana shida, kitenge cha rangi kali kinatosha. Usivae tu nyekundu tupu, hiyo ni ya bibi harusi. Naye akitokea na gauni jeupe usishangae: mtindo huo ulioshika kasi Ulaya baada ya harusi ya Malkia Victoria mwaka 1840 umefika hadi China.