Gesi irudi tangini kwa barafu au kwa pampu?

SWALI: Habari za kazi, kaka mhandisi. Nina mtambo mdogo uliofungwa wa kukamua manukato ya asumini na langilangi kwa butani, hapa Mbezi. Kila mkupuo natumia kilo 5, mara mbili kwa wiki. Kurudisha gesi nazamisha tangi kwenye barafu na inanichukua saa tatu. Muuzaji anasema bila pampu gesi nyingi inapotea. Ninunue?

JIBU: Salama, dada. Kwa kazi yako ya sasa, usinunue. Nitakueleza kwa nini, maana swali lako linaulizwa na wengi na mara nyingi linajibiwa na mtu mwenye pampu ya kuuza.

Kilo moja ya butani ikigeuka mvuke hubeba joto la takriban kilojuli 380, na haiwezi kurudi kimiminika mpaka joto hilo litolewe. Kwa kilo zako 5 ni kama kilojuli 1,900. Pampu haiondoi hesabu hiyo. Inachofanya ni kuubana mvuke ili ukubali kuwa kimiminika penye joto kubwa zaidi. Butani isiyobanwa hugeuka kimiminika karibu na nyuzi sifuri. Ukiibana hadi geji, yaani kipimo cha presha, isome bar 2.8, inageuka kwenye nyuzi 40, kwa hiyo hata maji ya simtanki yanatosha kuipoza. Hiyo ndiyo faida kubwa ya pampu katika jiji kama letu, ambako joto tunalo bure na baridi tunainunua.

Sasa tuihesabu baridi yako. Kilo moja ya barafu ikiyeyuka hunyonya kilojuli 334, kwa hiyo butani yako peke yake inahitaji karibu kilo 6. Ongeza tangi lenyewe, ambalo limeanza likiwa na nyuzi 30, na joto linalopenya kutoka nje. Andaa kilo 12 hadi 15 kwa kila mkupuo. Piga bei ya barafu hiyo mara mbili kwa wiki, kisha ilinganishe na pampu, umeme wa Luku na vipuri vyake. Kwa kiasi chako, barafu inashinda kwa mbali.

Saa tatu ni nyingi, lakini nashuku upande wa moto kuliko upande wa barafu. Butani inapochemka huchota joto kwenye chombo kilichobeba manukato, na maji yanayokizunguka yanapoa. Ukiona jasho au utandu wa barafu nje ya chombo, mvuke umekosa joto la kuutoa. Wengi wakiona geji imeshuka hudhani gesi imekwisha, kumbe butani imelala humo humo, imepoa tu. Lita 45 za maji zikishuka nyuzi 10 zinatoa joto lote unalohitaji, basi tumia beseni kubwa na ubadilishe maji yakipoa. Yawe kati ya nyuzi 35 na 40, usizidishe, maana harufu ya asumini haipendi moto. Upande wa tangi, mimina maji kwenye barafu ili igusane na chuma kote, na uyakoroge mara kwa mara. Mabonge makavu ya barafu yanagusa tangi sehemu chache tu.

Kuhusu gesi kupotea, muuzaji ana ukweli kidogo. Barafu tupu itakufikisha karibu na sifuri ya geji, yaani presha sawa na ya nje, na hapo mvuke unatulia. Chombo cha lita 10 kitabaki na gramu 25 hivi za butani, bila kuhesabu iliyojificha kwenye nta ya maua. Kwa mfuko ni kidogo, kwa usalama si kidogo hata chembe: lita 10 za mvuke huo zinaweza kuifanya hewa ya mapipa mawili ya lita 200 iweze kuwaka, na kwa kuwa ni mzito kuliko hewa, unatambaa sakafuni. Tia chumvi kwenye barafu ushuke chini ya nyuzi 10 hasi, utavuta zaidi. Ila hapo presha inakuwa chini ya ile ya nje, na kiungo kinachovuja kitaingiza hewa ndani. Pima hivi: tangi likiwa limetulia kwenye nyuzi 30, geji isome karibu bar 1.8. Ikisoma 3, una hewa humo, au uliyouziwa si butani tupu.

Siku ukifikia mikupuo mitatu kwa siku, au ukihamia propani, tuzungumze pampu. Propani kwenye barafu hubaki na bar 3.7 za geji, gesi nyingi mno ya kuachia hewani. Lakini tafadhali, isiwe ile mashine ya kuvutia gesi ya mafundi wa AC. Niliitwa karakana moja waliyoifunga hiyo: mota yake ni ya kawaida, swichi inatoa cheche, na mafuta ya kompresa yalikuwa yameshaingia kwenye bidhaa. Nilizima umeme wa nje kwanza ndipo nikaingia. Inayofaa ni isiyotumia mafuta, iliyothibitishwa kwa gesi zinazowaka, au inayoendeshwa kwa hewa iliyobanwa, na kompresa ya hewa hiyo ikae chumba kingine. Weka na vali ya njia moja, ili umeme ukikatika katikati ya kazi gesi isirudi ilikotoka.

Mawili ambayo hukuuliza. Tangi lisijae zaidi ya asilimia 80, kwani butani hutanuka na jua letu halisamehe. Na kama unajaza tangi kutoka kwenye mtungi wa gesi ya kupikia, acha leo: ile imetiwa harufu makusudi ili uvujaji ujulikane, na harufu hiyo inabaki kwenye asumini yako.

Mkupuo ujao, andika kila dakika 15 joto la maji ya beseni, joto la maji ya barafu na geji zote mbili, kisha nitumie karatasi hiyo.